Bolti Nne za Gari la Kambale

Jumapili, mchana. Mvua imeanza kabla ibada haijaisha, na mpaka sasa haijachoka.

Shajara, siku nane sijakuandikia, na wala si kazi iliyonizuia. Nguo za watu zimelala mezani, cherehani imefunikwa kitambaa. Nilijua tu kwamba nikishika kalamu nitalazimika kusema nilichofanya, na nimekuwa nikikikimbia ndani ya nyumba yenye vyumba viwili. Leo nimeshindwa.

Kwa anayepita mara ya kwanza kwenye shajara hii ya mtandaoni: mimi ni Kavira, mshonaji, mtaa wa Vulamba, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Mume wangu Kambale alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Hatukujaliwa mtoto. Aliniachia cherehani, kitanda, na gari la mbio lililokaa juu ya mawe uani.

Gari lenyewe lilikuwa sedani ya Kijapani ya rangi ya kijivu, usukani upande wa kulia, lenye umri wa kutosha kuoa. Kambale alilipata Kasindi, mpakani, na akalipenda siku hiyo hiyo. Huko lilikotoka, mwenyewe wa kwanza alikuwa amelishusha karibu na ardhi ili likimbie vizuri kwenye lami. Sasa nani alimwambia mume wangu kwamba Butembo tuna lami? Hiyo iliyopo unaimaliza kabla wimbo mmoja haujaisha, kisha yanaanza mawe, na kila jiwe lilikuwa likilipiga tumboni. Majirani walisema lile gari linatambaa. Mimi nililiita mke mwenza. Nikimwona Kambale amelala chini yake, miguu tu inaonekana, nilikuwa nauliza kwa sauti kama mwenzangu ameshapata chakula.

Alicheka kila mara, hata mara ya mia.

Alikuwa na mpango wake, ameuandika kwenye daftari la shule. Aondoe springi zile fupi, laini, zilizochoka, aweke amotisa mpya, zile nguzo zinazomeza mishtuko ya barabara, pamoja na springi ndefu na ngumu zaidi ili gari linyanyuke. Mbele aweke breki za gari kubwa zaidi, diski pana na taya zake za kuzibana, kwa sababu miteremko ya barabara ya Beni ilikuwa inazichemsha zile za zamani mpaka zinanuka. Vipuri aliviagiza Kampala, kimoja kimoja, muda mrefu. Sanduku la mwisho lilifika akiwa tayari hospitalini. Aliniambia nilifungue pale pale kitandani. Alitoa diski moja, akaiweka kifuani, akaipapasa kwa kiganja. Muuguzi alitugombeza kwa ajili ya mafuta kwenye shuka.

Baada ya mazishi nilisukuma sanduku chini ya kitanda na nililala juu yake miezi mingi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kwetu, mwaka ukizunguka, ukoo unakutana kumaliza kilio. Katika ukoo wa mume wangu, siku hiyo vitu vya marehemu vinatolewa uani, kaka mkubwa anagusa kimoja kimoja na kusema kinakwenda kwa nani. Wanachukua vilivyo vizima. Kilichokufa, au kazi iliyokatika katikati, kinabaki kwa mjane, maana hakuna anayetaka kurithi kazi ya mtu mwingine. Hili silijui kwa kusikia. Alipofariki baba mdogo wao, mkewe alibakia na mashine ya kukoboa kahawa kwa sababu tu haikuwa na mota. Mota aliiweka baadaye, kimya kimya, na leo inamlisha.

Kila mjane wa huku anajua hesabu hiyo. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya, mjane kama mimi, alinivuta pembeni miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, aliposikia ninatafuta fundi.

“Kavira, ile gari uiache ku mawe mpaka kilio ipite,” aliniambia. “Kisha utaitengeneza pole pole. Wewe hapana mutoto.”

Nilimwelewa vizuri sana: mjane asiye na mtoto hana wa kumshikia mali. Na bado nililipeleka gari kwa fundi.

Nitasema kwa nini, hata kama inaniaibisha. Siku ya mazishi, kaka yake mkubwa Paluku alisimama mbele ya watu akasema ndugu yake alikuwa mtu wa kuanza-anza, hakumaliza jambo hata moja. Alisema kwa uchungu, labda. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka, nikaapa moyoni kwamba nitafika kwao Beni nikiendesha kazi ya Kambale iliyokwisha. Nilitaka walione linaingia langoni. Nilitaka Paluku asimame.

Papa Kakule, fundi wetu, nilimlipa kwa kushona: mke wake na binti zake watatu watavaa mpya Krismasi hii. Alifanya kazi majuma mawili, na mimi karibu kila siku nilikuwa pale nikisoma kutoka kwenye daftari. Springi na amotisa ziliingia bila ubishi. Breki ndizo zilikataa. Taya za gari kubwa hazikukubali matundu ya gari dogo. Kakule akakata vipande viwili kutoka kwenye chasi ya lori lililokufa, akavitoboa, akavipiga msasa siku nzima, na kila kimoja akakishika kwa bolti mbili. Bolti nne kwa jumla. Breki zote za mbele zimening'inia hapo. Alinilaza chini ya gari ili nizione mwenyewe.

“Mama Kavira, sikia muzuri,” alisema. “Chuma mupya inatafuta kwanza fasi yake. Ukitembea nayo juma moja, urudishe, nikaze tena hizi boulons. Tusipokaza, zitalegea, na siku moja utakanyaga breki, basi hapana kitu.”

Nilimwelewa kwa kazi yangu. Nguo mpya ikifuliwa mara ya kwanza, mshono unajitafuta, na fundi mwenye akili anairudia.

Siku niliyolitoa gereji, mvua ilikuwa imechimba barabara yote. Gari lilipita juu ya mashimo kama halina habari nayo. Mteremkoni nilikanyaga breki kidogo tu, likasimama papo hapo, bila kupepesuka, bila harufu. Nililia ndani ya gari, dirisha limefungwa, mwenye pikipiki nyuma yangu anapiga honi. Mume wangu alikuwa sahihi katika kila mstari wa lile daftari, na hakuwepo wa kuambiwa.

Kwa hiyo nilikwenda Beni nalo. Vizuizi vya askari nilivipita bila kukawizwa, mmoja wao hata alinipigia saluti ya mzaha. Kabla ya kuingia mjini nilisimama mtoni nikaliosha. Niliosha mpaka magurudumu. Nani anaosha magurudumu ya kitu anachotaka kubakia nacho?

Paluku alisimama. Hilo nililipata. Alizunguka gari mara mbili, akainama akaangalia zile diski zinavyong'aa, akasema, “Eh, Kambale.” Kwa dakika hiyo moja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa Beni.

Walitoa vitu uani baada ya kula. Koti, redio, baiskeli. Kisha Paluku akaweka kiganja juu ya boneti.

“Tunakushukuru sana, mulamu,” aliniambia mimi, mke wa ndugu yake, mbele ya wote. “Gari ya ndugu yetu uliitengeneza muzuri. Sasa itabakia huku kwetu.”

Wazee wakaitikia. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuninyima kitu, aliangalia chini. Najua kuna sheria ya mjane, nimeisikia redioni. Lakini uani pale redio yenyewe ilikuwa imeshapewa mtu.

Nilinyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Na hapa ndipo penyewe, shajara. Maneno ya Kakule yalikuwa mdomoni mwangu. Yamekwisha kupangwa: kaza bolti nne baada ya juma moja. Sentensi fupi kuliko salamu. Nilimtazama Paluku anaingia, anasogeza kiti nyuma, kiti cha Kambale, na nikayameza yale maneno. Sikusahau. Ningependa sana kuandika kwamba nilisahau.

Nilirudi Butembo kwa gari la abiria, sufuria ya sombe ya mama mkwe, mboga ya majani ya muhogo, magotini. Barabara nzima nilikuwa nawaza: wajifunze wenyewe. Sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inakaa pale mteremkoni ikingoja. Niliiona sehemu hiyo, nikaijua, na sikuifukuza. Jumatatu sikusema. Jumatano niliota nashona na uzi haushiki, nikaamka, sikusema.

Leo asubuhi, baada ya ibada, Papa Kakule alinijia kwenye baraza la kanisa tukikinga mvua.

“Juma ilipita, Mama Kavira. Gari iko wapi?”

Nilimwambia iko Beni, nimeiacha kidogo, wataileta. Uongo, na Biblia iko kwapani.

“Basi mutu asitembee nayo kabla sijaikaza,” alisema, na hakucheka.

Nilifika nyumbani mvua imenipenya mpaka kwenye mifupa, na kabla ya kubadili nguo nikampigia Paluku. Nilimwambia yote: vipande vya chasi, bolti nne, juma moja. Niliongea haraka, kama mtu anayetapika. Aliguna.

“Mulamu, unatafuta nini kweli? Kwako gari ilitembea muzuri. Imefika kwetu, sasa ndio iko na maboulons?”

“Paluku, niko nakuambia ukweli. Papa Kakule mwenyewe—”

“Ile gari haiko tena kwangu. Nilishaipatia mutu mumoja wa Kasindi, alinipatia pikipiki mbili. Anabeba nayo batu.”

Nilimwomba namba yake. Hakunipa. Alisema maneno ya gari yalishaisha uani, mbele ya wazee, na kama ninataka kuharibu mapatano ya watu kwa hadithi za bolti, nitafute wengine. Akakata. Nimempigia mara sita. Ya saba simu yake imezimwa.

Na sijui hata nimlaumuje. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningeamini? Mjane aliyenyang'anywa gari anapiga simu baada ya siku nane, anasema msiliendeshe. Nilipokuwa na gari mkononi, kila mtu uani angenisikiliza.

Sasa lile gari linabeba abiria kwenye barabara ya Kasindi. Limenyanyuka vizuri, halipigi mawe tena, kwa hiyo dereva atalikimbiza. Mimi ndiye niliyelifanya likimbizike. Watu wanne ndani, pengine sita, na mama mwenye kitoto mbele, kwa sababu mbele ndiko wanakokalisha mama mwenye kitoto.

Nimempigia Papa Kakule pia. Nimemwambia ukweli wote, hata sehemu ya kumeza maneno. Hakunigombeza. Alikuja na koti la mvua, akanipa spana yake namba kumi na tisa imefungwa kwenye gazeti, akanionyesha kwa mkono kiasi cha kukaza: mpaka ikatae, halafu kidogo tena. Alitaka kuja nami, lakini gereji ina magari mawili yaliyofunguliwa. Au hataki kukaa karibu nami leo. Sikuuliza.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali pekee nilipo na sauti, na naomba kila anayenisoma atume mbele. Sedani ya kijivu, usukani kulia, mbele ina diski pana kuliko kawaida, kwenye kioo cha nyuma kuna mstari wa gundi ambapo zamani paliandikwa jina. Kama wewe ndiye unayeliendesha, simama. Si kesho. Kama wewe ni abiria ndani yake na unasoma hivi kwenye simu, mwambie dereva asimame, na akikataa, shuka.

Sidai gari. Naliandika hili wazi ili Paluku pia alisome.

Mvua bado inanyesha. Nimetoa daftari la Kambale kwenye droo ili nione kama aliandika chochote kuhusu bolti. Aliandika. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko ule wa hospitali, umeinama: “Baada ya juma moja kukaza tena. Kavira anikumbushe.”

Kesho asubuhi napanda gari la kwanza la Beni. Nitasimama mahali wanapopakia abiria wa Kasindi, siku moja, siku tatu, mpaka nilione linaingia. Nitalala chini yake kwenye matope, nikaze bolti nne, mpaka ikatae, halafu kidogo tena. Kisha nitainuka, nitamrudishia dereva ufunguo wa gari, na nitarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Ee Mungu, lifike.