Bibi wa Kwenye Spika

Ufukoni, Mtwara
Novemba 2008

Kwako Dada Somoe,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utachoka. Unanijua nikishika kalamu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka mbuzi wanahama? Na watoto niambie wamefika darasa gani, wasije wakanipita mimi niliyeishia la sita wakaanza kunisahihisha. Mimi huku ni mzima. Nakula samaki, na nimenenepa kidogo upande wa mbele.

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi la Tunduru. Umeandika kwamba Mama amekataza jina langu lisitajwe nyumbani humo mpaka nieleze kwa nini, alipopiga simu kunipa habari ya kufariki kwa Mjomba Selemani, nilicheka, nikasema hongereni sana, nikakata. Ukaongeza kwamba kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto, na kwamba mtoto aliyecheka msiba wa mjomba wake hajawahi kuonekana toka Mahurunga iwe Mahurunga. Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelainika. Nitajibu, Dada. Ila gari langu mimi haliwaki kwa ufunguo, lazima lisukumwe kwanza, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Sasa hivi naendesha Land Cruiser la kampuni moja ya wapima ardhi. Mimi ndiye dereva mkuu, na msaidizi sina. Namwendesha Injinia Modesta, mwanamke mfupi, mkali, anayeweka sukari vijiko vinne na hanenepi. Kwenye kioo cha mbele tumebandikiwa kidude kinachoongea na satelaiti, ndani yake yumo bibi wa Kiingereza anayesema pita kushoto, pita kulia. Madereva wenzangu hapa mjini wanacho kidude hicho lakini chao kinanong'ona kama mgonjwa. Changu nilikipeleka kwa Francisco, yule mtoto wa Mama Carlota, siku hizi ni fundi redio anayefunga hata vipaza sauti vya misikiti. Akanipa kaseti ya uongo, haina utepe, ina waya tu kama mkia wa panya. Unaichomeka kwenye redio ya gari na bibi anatokea kwenye spika zote. Nikamwambia spika moja aihamishie nyuma ya kichwa changu. Francisco akaniangalia sana. Akasema amefunga spika kwenye mashua na kwenye baa, lakini mtu anayetaka spika imlale shingoni ndio kwanza anamwona leo. Nikamwambia huo ndio mtindo wa Beira kwao Msumbiji, yeye Mmakonde wa porini atajulia wapi.

Basi bibi akipaza sauti pale Mahurunga, kijijini kwetu kabla hamjahamia huko Tunduru, wanawake wanaacha kumenya mihogo. Siku moja nilimpa lifti huyo huyo Mama Carlota, amezeeka lakini mdomo bado wa mwaka ule waliovuka mto kutoka Msumbiji kukimbia vita. Bibi akatuamuru kushoto, nami nikaenda moja kwa moja. Akaamuru tena. Mama Carlota akauliza huyu anayegomba ni nani na mbona hajasalimia. Nikamweleza kwamba anataka tupite ile njia ya zamani ya mashamba ya mpunga. Akaniambia nisimkasirikie, ni mgeni, hakuna aliyemwambia kwamba njia ile ilichukuliwa na mto.

Dada, unaikumbuka njia ile? Lori la Mjomba lilikuwa linapita hapo, limejaa korosho mpaka linainama kama mama mjamzito. Mimi nilikuwa utingo, nimening'inia dirisha la kushoto, kazi yangu kusema. Upande huo Mjomba alikuwa haoni, kioo kilivunjika mwaka nilioanza kazi na hakikununuliwa kingine. Kwa hiyo kioo nilikuwa mimi. Nampigia kelele: iko, iko, kuna kisiki, kaba kulia, njoo, njoo, hapo hapo Mjomba. Eksozi ilikuwa imekatika, inanguruma chini ya miguu yetu, na kati yetu injini bila mfuniko, lakini nilichosema alikisikia. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Masika tukikwama njia ya Kibiti tulilala juu ya magunia, anazima lori, ananiambia nisikilize injini inavyopoa. Alisema gari halitazamwi, linasikilizwa. Dereva anayengoja kuona moshi ameshachelewa. Nikajua mkanda unaolalamika, nikajua bearing inayokaribia kufa, nikayajua yote hayo kabla ya mafundi wenye vyeti. Mpaka leo hakuna dereva Mtwara nzima aliyefundishwa hivyo, na hapa sijisifu, ninamsifu aliyenifundisha.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita Injinia alikuwa anaumwa kichwa, akaniomba nimpunguze huyo bibi, kwamba hata Msumbiji wanamsikia. Nikampunguza. Tulipofika njia panda ya mtoni nikaendelea mbele nikipiga mluzi. Injinia akasema simama. Akasema tena. Mimi namwona kwa pembeni anapunga mkono, nadhani anafukuza nzi. Tukaingia kwenye jaruba la mpunga la mtu mpaka tope likafika milangoni. Nikashuka kuangalia tairi, nikaanza maneno yangu, kwamba gari lilikuwa na kiu. Nilipogeuka nikamkuta amesimama nyuma yangu, macho yamejaa maji. Akaja mbele ya uso wangu, akasema taratibu ili niuone mdomo: Jafari, nimekuita mpaka nimechoka.

Alinipeleka mwenyewe hospitali ya mkoa. Daktari akasema sikio la kulia limekufa, la kushoto linasinzia, na halitaamka. Akaniuliza nimefanya kazi gani tangu utoto. Nikamwambia kuimba taarabu. Hakucheka.

Ndiyo hivyo, Dada. Mdogo wako ni kiziwi. Yule bibi sikumweka kwenye spika kwa mtindo wa Beira. Nilimweka kwa sababu kidude kikiongea chenyewe naona taa tu, na dereva asiyesikia hapewi gari. Injini siku hizi naisikia kwa makalio. Watu nawasoma midomo na nacheka wanapocheka, na kwa vile mimi ni mcheshi hakuna aliyeshtuka.

Lakini simu haina mdomo. Siku ile Mama alipopiga niliona namba yako nikajua mdogo wetu Nuru amejifungua, maana ulikuwa mwezi wake. Nikaweka simu sikioni, nikasikia kitu kama nyuki ndani ya kibuyu. Kilikuwa kirefu, kinapanda na kushuka. Nikacheka kwa furaha yote niliyokuwa nayo. Nikasema hongereni sana, Mama, nikakata upesi kabla hajaniuliza swali. Nilikwenda sokoni nikanunua khanga ya mtoto. Kwamba Mjomba amefariki, amezikwa, na arobaini imepita, nimeyajua kwenye barua yako, nikiwa nimesimama stendi, kondakta ananisemesha nami simwoni.

Mwambie Mama. Mwambie wewe, kwa mdomo, ukiwa umemshika mkono.

Kisha nina ombi. Kuendesha nimeshakatazwa, ila gari nitakuwa nalo mpaka mwisho wa mwezi, naliosha na kulilaza tu, baada ya hapo anapewa dereva mpya, Stefano, na mimi nahamishiwa gereji. Redio yake ina nguvu, na nikifunga vioo na kuegemeza sikio la kushoto kwenye ile spika, sauti ya mwanamke inaniingia neno kwa neno. Mpe Mama redio ya Shemeji yenye kurekodi, mwekee kaseti tupu, mwache peke yake. Akitaka kunitukana aanze na hayo, upande wa kwanza wote ni wake. Upande wa pili anisimulie Mjomba alivyoondoka: alikula nini mara ya mwisho, kama aliniulizia, nani alimwosha, nani alishuka kaburini mahali pangu. Aseme kama alivyosema siku ile, asifupishe, nipate kulia pale nilipocheka.

Mpe kondakta, atanijua. Nuru mwambie khanga yake ipo. Shemeji msalimie, watoto wote wapapase vichwa kwa niaba yangu, na Mama, akikubali kulisikia jina langu, mwekee mikono yangu miguuni.

Ni mimi mdogo wako,
Jafari, utingo wa Selemani