Kumi, na Moja ni ya Ruta

Kwa Mtoro,
Jumapili mchana.

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Mama naye mpelekee shikamoo yangu, umshike mkono kabisa useme hii imetoka kwa Rehema. Goti lake linaendeleaje na baridi ya huko Soni? Wanao wamepona surua? Na wewe mwenyewe, kile kifua? Mimi mwili ni mzima, chakula nakula, lakini moyo sina, Dada. Tangu juzi Ijumaa nalia tu. Ningeweza kupiga simu ya jirani, ila haya si maneno ya kupigiwa kelele kibarazani kwa watu. Tafadhali usiisome barua hii kwa sauti. Isome kwanza peke yako, ukiimaliza ndiyo uamue.

Ni habari ya Kaka Shabani. Ameandika.

Ndiyo, Shabani wetu huyo huyo, ambaye hatukupata neno lake tangu siku ile aliyogombana na marehemu Baba akabeba begi akaenda Uarabuni bila kuaga. Unajua kazi yangu hapa ushirika wa wafuga nyuki: kila asubuhi nafungua kompyuta nione barua za wanunuzi wa asali, maana siku hizi soko ni huria na kila mnunuzi anataka ajibiwe papo hapo. Jumatatu nafungua, nakuta jina lake. Anuani yangu kaipata wapi sijui, labda kwa wale vijana wa Tanga wanaokwenda na kurudi. Nilipiga ukelele mpaka Mama Hamisi, mweka hazina wetu, akadhani nimeumwa na nyuki.

Aliandika hivi, nimeishika moyoni: "Rehema, ni mimi. Nimesikia Baba amefariki, nami sikumzika. Mkataba wangu umekwisha. Wananipa mwingine wa miaka mitatu na karatasi ninayo. Nataka kujua kama Mama ananitaka nyumbani. Najua nilivyoondoka. Alhamisi nitakaa kwenye kompyuta ya kukodi mpaka saa kumi jioni. Nikikosa jibu nitajua ni hapana, nitasaini, wala sitawasumbua tena."

Jibu nilikuwa nalo, Dada! Kuna cha kuuliza hapo? Mama huyu anayemtengea Shabani sahani kila Idi na hakuna anayeruhusiwa kuigusa? Ningeandika neno moja tu, "Njoo," mambo yakaisha. Lakini mimi, nawe unanijua, nikataka kuandika vizuri. Nikaandika mstari, nikafuta. Nikaandika mwingine, nikafuta. Mara wingu likafunga, mwenyekiti akasema zima hiyo mashine, chomoa nyaya, radi inakuja. Nikazima. Nikajisemea, nitamwandikia kesho nimetulia. Hata ile anuani yake yenye namba namba nyingi sikuinakili.

Radi ikapiga dishi letu la juu ya paa. Kompyuta ilipona, ila kile kisanduku kinachogawa mtandao, wanakiita ruta, kilitoa moshi. Nikampigia fundi Elia wa Kizota, kule Dodoma, ndiye aliyetufungia vitu vyote hivi. Mungu ambariki, Jumanne akatutumia ruta mpya kwa basi ikafika salama. Na hilo ndilo basi la mwisho. Jioni yake mto Bubu ukajaa, na mpaka leo hakuna gari linalovuka. Kompyuta nyingine yenye mtandao huku kwetu hakuna, Dada. Ni hiyo hiyo moja, nzee, iliyotolewa na ofisi fulani ya mjini walipochoka nayo.

Jumatano asubuhi nikachomeka ruta. Taa za kijani zikawaka zote, nikashukuru. Nafungua ukurasa, haufunguki. Nafungua tena, wapi!

Simu hapa haishiki mpaka upande kilima cha mawe nyuma ya soko. Nikapanda na kijikaratasi changu. Elia akasema kompyuta yenu ni ya zamani, haijitafutii namba yenyewe kwa ruta mpya, lazima uiandikie kwa mkono. Akanieleza wapi pa kubofya, akanisomea namba za mwanzo, nikaandika. Ile ya tatu iliyokuwa moja sasa iwe sifuri, nikaandika. Kisha akasema, na upepo unavuma huku juu nashika kitenge kisipeperuke: "Ya mwisho ya kompyuta ibaki ile ile kumi na moja ni ya ruta."

Nikaandika: ya kompyuta ibaki ile ile. Kumi na moja ni ya ruta.

Nikashuka mbio, nikaingiza. Haufunguki. Nikazima nikawasha. Nikafuta namba zote nikaziandika upya, polepole, kidole kimoja. Haufunguki! Nikapanda tena kilimani, jua la saa saba linanichoma utosi. Elia akauliza, "Kumi na moja umeweka?" Nikamwambia, "Kumi na moja nimeweka, kama ulivyosema." Akasema basi ni waya, badilisha waya. Nikabadilisha. Akasema labda ni dishi limepinda kwa radi. Tukampandisha mlinzi juu ya paa, dishi halina neno. Saa kumi jenereta la ofisi likazimwa, mafuta yalikuwa ya kupimwa kwa sababu barabara imefungwa.

Sasa sikiliza, Dada, hapa ndipo ninapojilaumu mpaka najichukia. Jumatano ile ile, nikiwa kule juu, Elia aliniambia, "Kama una barua ya haraka nipe neno lako la siri, nikufungulie huku mjini nikujibie." Nikakataa. Niliona aibu. Mtu baki asome kwamba kaka yetu anauliza kama mama yake mzazi bado anamtaka? Aje aijue siri ya nyumba yetu, kesho aisimulie Kizota nzima? Nikasema haina haraka. Wallahi, ndivyo nilivyosema, haina haraka.

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya mlinzi. Jenereta lilipowashwa saa tatu nikaanza upya, namba kwa namba. Saa sita hakuna kitu. Saa nane hakuna kitu. Aibu ikanitoka yote, nikasema liwalo na liwe, nikapanda kilima nimpe Elia neno la siri asome anachotaka. Simu yake haipatikani. Nikapiga mara ngapi sijui. Nilikaa pale kwenye jiwe naangalia saa yangu ya mkono mpaka ikafika kumi, nikajua huko aliko Shabani anainuka kwenye kiti.

Ijumaa Mama Hamisi akanikuta nimelaza kichwa juu ya meza. Nikamwonyesha karatasi, nikamsomea alivyosema fundi, neno kwa neno. Yule mama ni mwenyeji wa huku, nyumbani anasema Kisandawe, Kiswahili alijifunzia ukubwani, na hesabu za ushirika huwa anazisoma moja moja asije akakosea. Akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia. Akauliza, "Hiyo kumi na moja, ni namba moja au ni mbili?"

Nikamwambia ni namba moja.

"Maana mimi," anasema, "nasikia ya kompyuta ibaki kumi. Halafu, na moja, hiyo ya ruta."

Dada, nikarudi kwenye mashine. Kwenye namba ya ruta nikafuta moja, moja tu, ile ya pili, ikabaki moja peke yake. Ukurasa ukafunguka hapo hapo, kama vile haujawahi kuwa na tatizo. Jumatano nzima mimi na Elia tunaulizana kumi na moja umeweka, nimeweka, kila mtu anasema kweli na kila mtu ana yake kichwani! Mimi ninayejiona Kiswahili nimezaliwa nacho.

Barua yake ya pili ilikuwepo, ya Alhamisi jioni. Fupi. "Nimekaa hapa tangu saa sita mchana. Nimeelewa, wala sina kinyongo. Nimeamua kusaini. Usimwambie Mama kwamba niliuliza."

Nikamjibu palepale, bila kupanga maneno safari hii: rudi, Mama anakutaka, hajawahi kuacha kukutaka, kosa ni langu. Nikaituma mara tatu. Jana Jumamosi nimeangalia tangu jenereta lilipowashwa mpaka lilipozimwa. Kimya. Leo jenereta haliwashwi, ndiyo nimekaa kukuandikia. Sijui ataifungua lini. Sijui kama ataifungua. Alikodi kompyuta kwa sababu yetu, sasa aikodi tena kwa sababu gani?

Barua hii nampa mwenye pikipiki atakayejaribu kuvuka mto kesho kama maji yatapungua. Nisalimie shemeji, mumeo, na wanao wote, na Shangazi Mwanahawa aliyetulea, na mjomba mwenye mashine ya kusaga. Mwambie mjomba asali yake nimeiweka. Hao usiwaambie kitu.

Ila Mama mwambie. Shabani kanikataza, na mimi katika hili sitamtii. Miaka yote Mama anaamini mwanawe amemsahau; heri ajue kwamba alikaa saa nne kwenye kiti cha kukodi akimngoja. Mwambie hivi: mwanao aliuliza kama unamtaka, na aliyekosa kujibu ni Rehema. Kisha kaa naye, chukua kalamu, andika atakachosema kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni Kisambaa kitupu, uniletee nikitume hivyo hivyo kwa Shabani nisiongeze hata nukta.

Na akinilaani mimi, andika na hilo pia.

Mdogo wako anayekupenda,
Rehema