Rangi Haipitishi Maji

Jumapili, 13 Agosti 1995

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Kweli yenyewe ni Hellen wa Buzuruga — harusi ya dada yake leo, na alitaka kucha kumi zenye hadithi moja. "Ziwa, dada Tere. Lote!" Nimempa lote. Sangara kidole gumba, dagaa watatu kidole cha mwisho, na lile jiwe la Bismarck linalosimama majini, katikati. Limetoka kama kiazi, lakini mwenyewe kalitambua. Imetosha.

Brashi yangu ni njiti ya ufagio niliyoichonga. Vidoadoa naweka kwa kichwa cha pini. Walionipunguza kazi ofisi ya pamba waliniambia nikatafute ujuzi. Nimeutafuta. Ulikuwa kwenye ufagio.

Situlii. Najat hajaja.

Jumatatu, 14 Agosti

Bado. Nimepanga chupa, nimepangua, nimefagia mara mbili chumba ambacho hakina pa kufagia.

Mimi Mkristo, lakini miaka miwili ya kupanga chumba cha uani kwa Mama Shaibu, hapa Mirongo, imenisomesha. Rangi ya kucha haipitishi maji. Maji yasipofika kwenye ukucha, udhu hakuna. Kwa hiyo bintiye Najat hupaka siku zile tu asizosali. Siku saba, kisha namfuta. Mama Shaibu hana haja ya kalenda ukutani. Anatazama vidole vya binti akipokea kikombe cha chai, yamekwisha.

Kila mwezi, tarehe tatu au nne, Najat yuko kwenye mkeka wangu. Leo kumi na nne.

Rangi zenyewe hutumwa na Nurudin, mchumba wake. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara, na yeye anafuata mali Dubai. Yuko huko tangu Aprili.

Tangu Aprili! Nimefagia tena.

Jumatano, 16 Agosti

Kaja. "Nipake, dada Tere." Nikasema umechelewa mwezi huu. Akasema siku zimechelewa, ndiyo zimekuja. Nikafungua chupa. Harufu ilipomfikia akaruka hadi mlangoni, mkono mdomoni.

Akarudi, macho yamejaa maji. Nikamtazama. Akanitazama. "Mama ameanza kuniangalia mikono," akasema. Basi. Sikuuliza ni nani. Jina ni mzigo, na chumba changu hakina stoo.

Alitaka nyekundu tupu, haraka. Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia. Mtu anakuletea siri yake yote, nawe umpake nyekundu tupu? Nikamchorea magugumaji, haya yaliyofunika ziwa mpaka mitumbwi inakwama. Majani ya kijani, ua la zambarau, vidole vyote kumi. Kazi ya saa mbili, yeye akiwa amegeuzia uso dirishani.

"Mbona magugu?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyeyapanda, na yapo.

Akacheka. Halafu akaacha.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimekutana na Mama Shaibu kwenye kamba ya nguo. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akasifu kazi, eti safari hii nimejitahidi. Nikashukuru. Kisha, huku akikung'uta shuka, akasema asubuhi amemsikia Najat akitapika.

"Harufu ya rangi, mama. Hii mpya ni kali mno."

Imetoka laini hata mimi nikaiamini.

"Ehee," akasema Mama Shaibu. Ehee yake ina vyumba vitatu na ua.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani. Nimeimba nyimbo zote, sikumbuki hata mmoja. Najat anapita uani mikono mbele, kama aliyebeba mayai. Kila akiingia mtu, vidole vinaonekana kwanza. Anazidisha. Nimemnong'oneza apunguze.

Jumanne, 22 Agosti

Wamekuja wote wawili, mchana, mama mbele. Mama Shaibu hajawahi kuingia chumbani kwangu. Kaketi kitandani, Najat mkekani.

"Siku saba zimetimia. Mfute, adhuhuri asali na mimi."

Nikachukua pamba na dawa ya kufutia. Harufu yake ni mbaya kushinda ya rangi. Ukucha wa kwanza, wa pili. Wa tatu Najat akafumba macho. Wa nne akajikunja, kifua kikapanda, akajizuia — na chumba kizima kikasikia alivyojizuia.

"Harufu, mama," nikasema.

Mama Shaibu akanyoosha mkono, akainusa chupa kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua manukato dukani.

"Mwaka mzima umempaka na kumfuta hapa. Alitapika lini?"

 Najat anatazama zile kucha nne tupu. Nikaanza kufunga mizigo kichwani: jiko, godoro, chupa kumi na moja.

Mama Shaibu akaweka chupa chini. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Kesho dada zake Nurudin wanashuka na treni ya Tabora kupanga siku ya harusi. Nao ni wanawake wa kusali, nao wanajua kutazama mikono. Zirudishie hizo nne. Zifanane na zile sita."

Nikasema zambarau imebaki tone.

"Tone litatosha, Tereza. Usimwage."

Rangi ya kwanza inakauka, ndiyo maana nimepata dakika ya kuandika. Adhuhuri imeadhiniwa, hakuna aliyeinuka. Mama Shaibu ameshuka kitandani, amekaa mkekani, ameushika mkono wa bintiye juu ya goti lake. Lazima nifungue chupa tena sasa. Najat ameiona, amemeza mate.

Mama yake hamtazami. Amenyoosha mguu tu, akalisukuma beseni langu la kufulia, polepole, mpaka likamfikia.