Sumaku Yako Imeota Manyoya

Mpwa wangu Issa,

Ni mimi mjomba wako, yule ambaye serikali ilipotaka kuhamia Dodoma ilimtuma mtu kuniuliza kwanza kama maji yatatosha. Nikajibu yatatosha, mkioga kwa zamu. Kwa hiyo hili ninalokuandikia si la mtu wa kutishika ovyo.

Tangu homa ikuchukue, mtaa wetu wa Majengo umebadilika. Vitu vya kutoka ng'ambo vimejaa hadi vibarazani. Juzi nimeona dukani boliti ya kumwagia oili ya injini, yenye sumaku nchani, mpya, inang'aa. Nikacheka, kisha nikakukumbuka. Ya pikipiki yako uliitengeneza mwenyewe, sumaku ukaing'oa kwenye spika ya redio yangu, tena redio yenyewe bado inasema!

Nilikubishia sana. Oili ikichafuka si inamwagwa, sumaku ya nini? Ukacheka na ule mwanya wako: "Mjomba, sumaku haiponyi injini. Inakuonyesha tu kinachokwisha ndani. Ukiona unga wa chuma, endesha. Ukiona vipande, shuka."

Sasa mama yako anataka pikipiki iuzwe. Anasema usiku anaisikia ikinguruma uani, hapati usingizi. Akapata mnunuzi kutoka Chemba. Nikamwaga oili, nikaifuta sumaku ikawa safi kama jino, nikatia oili mpya, nikafunika turubai. Ufunguo nikauvaa shingoni.

Mnunuzi alipokuja nikafungua boliti nimwonyeshe. Issa, sumaku ilikuwa imeota manyoya. Unga mweusi, laini, umesimama wima. Na oili iliyonimwagikia mkononi ilikuwa ya moto.

"Mzee, hii si imetoka safari sasa hivi?"

Nikamwambia ni jua. Tulikuwa kivulini. Akaondoka bila kuaga.

Nikaifuta tena, nikafunika tena. Wiki iliyofuata, manyoya yale yale. Na kwenye matairi kulikuwa na udongo mwekundu. Ule tuliokufukia nao kaburini.

Mama yako alipouona akanikunja shati. "Kumbe ni wewe, kaka! Mwanangu yuko kaburini, wewe unazurura na pikipiki yake?"

Nikakubali. Nikasema ndiyo, dada, nimefika Kondoa na kurudi chai haijapoa. Akanitukana, akalia, halafu akakaa chini. "Bora ni wewe," akasema. Siku hiyo alilala, mwanangu. Alilala hadi nikaogopa.

Basi nimeshindwa ubishi. Sumaku yako ina faida. Nakuahidi nitakuwa naifuta kila Ijumaa nikitoka msikitini, na oili mpya nitatia. Unga nikiuona, sitasema neno. Ila siku nikikuta vipande, nitakuja kaburini mwenyewe nikuambie ushuke.

Ulale pema, Issa, kama unalala.

Mama yako asilijue hili moja: mimi pikipiki sijui kuendesha. Hata kuiwasha sijawahi.

Mjomba wako