Handaki la Tembo, Njia ya Ningu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimerudi kutoka Musoma. Afisa uvuvi amethibitisha: samaki aliyenaswa kwenye mtego wa jirani yangu Wanzagi ni ningu. Jike, tumbo tele mayai. Nami nilidhani wameisha! Mvua zikianza hupanda mto wetu kutoka ziwani, hutaga penye majani yaliyofurikwa na maji. Wiki ijayo kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinatoka Buhemba kuchimba handaki la kuzuia tembo. Litaukata mto. Ningu hatapanda tena.

Jumatano, 12 Machi

Mwenyekiti anataka niseme mkutanoni Jumamosi, kwa kuwa nilifundisha bayolojia. Naandika: "Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama, vijana..." Kisha?

Tembo — mamalia, oda ya Proboscidea. Makazi yake savana, nchi nyingi za Afrika. Yuko hatarini kutoweka. Ningu — samaki, familia ya Cyprinidae. Ziwa letu na mito yake, basi, hana kwingine duniani. Yuko hatarini zaidi, hatua moja kabla ya kwisha porini. Hawana undugu wowote. Wanachogawana ni mto huu.

Yote kweli. Wankyo nitamwambia nini? Mumewe alikanyagwa na tembo Januari, akafa, akilinda mtama.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwendea Wankyo kabla hajasikia kwa wengine. Kwanza alicheka. Utotoni, alisema, tulikuwaga tunawaokota kwa vikapu, mama anawabanika hadi tunawakinai. Kisha akaendelea kupepeta ulezi.

"Mwalimu, huyo samaki ameacha watoto wangapi?"

Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema. Nilimaliza hivi: handaki lisichimbwe sasa. Lisubiri Julai, ningu wakisharudi ziwani, na mto uachiwe njia yake. Hadi hapo kila kaya itoe mlinzi wa kufukuza tembo mtoni usiku, kwa zamu, kuanzia leo. Mikono ikanyooshwa, azimio likapita.

Wankyo akasimama. Akauliza kwa upole tunaanza na kaya ipi.

"Yangu," nikasema.

Kaya yangu ni mimi na mwanangu Faustine, na huku wanaolinda ni wanaume, si wanawake kama mimi. Alikuwa amekaa nyuma na wenzake. Hakuinua kichwa.

Sasa ni jioni. Yuko mlangoni, anafunga kamba za viatu. Nimemwambia achukue koti. Anasema mvua haitanyesha. Hajanilaumu — afadhali angenilaumu.

Kule mtoni waliotangulia wameanza kupiga madebe kufukuza tembo.