Suti Tano za Rangi ya Biringani

Baba,

Sijawahi kukuandikia tangu ulipotutoka, na leo nakuandikia kwa sababu nimekosa utulivu kabisa. Pa kukaa papo: niko juu ya marobota ya nguo kwenye ghala la mizigo, hapa Guangzhou, nangoja mzigo wangu upimwe. Lakini nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni, narudi. Mama mwenye ghala ameshaniuliza kwa ishara kama tumbo linaniuma. Nimeitikia kwa kichwa. Ningemweleza nini?

Mungu akurehemu huko uliko. Siku uliyofariki nilikuwa soko la nguo la Shisanhang, gauni mkononi, nabishania bei. Athumani akanipigia simu, nikasikia analia kabla hajasema. Ukazikwa alasiri ile ile, kama tunavyozika sisi, na mimi nimesimama bado katikati ya duka la watu na gauni lao. Sikukuaga. Hilo linaniuma mpaka leo, wala sitajifanya limepoa.

Mengi yamebadilika, Baba. Ile meza uliyopokelea malalamiko ya wananchi, miaka yote uliyokuwa karani wa kamati ya maadili ya bunge la kaunti yetu, sasa imewekwa mashine ya kahawa. Usikasirike. Nasikia kahawa yenyewe ni mbaya. Athumani, kitindamimba wako, ameajiriwa pale pale bungeni, kwa mkataba, anarekodi vikao. Ana shati jeupe la kila siku, ana kitambulisho shingoni, Mama anakiangalia kitambulisho hicho utadhani nishani. Na aliyempeleka ni Mheshimiwa wa wadi yetu. Ndiyo, huyo huyo. Yule aliyempiga kofi Bi Rehema wa zahanati.

Lalamiko la Bi Rehema lilikuwa la mwisho kupita mikononi mwako. Alikuja kwanza nyumbani, shavu limevimba, ukamwambia, "Ofisini, mwanangu, si sebuleni." Mimi, nikiwa likizoni nyumbani, ndiye niliyemsindikiza kesho yake. Na wewe, mzee wangu, ukatupokea kama hujapata kuniona maishani: "Karibuni, mna shida gani?" Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Rehema alikuwa ameandika kurasa na kurasa. Mheshimiwa ni shetani, mlevi, hana haya, hana adabu, mama yake hakumlea. Ukampa kalamu nyekundu. "Futa sifa," ukamwambia. "Kila neno linalosema yeye ni mtu wa namna gani, lifute. Bakisha alilofanya." Akafuta huku analia. Ikabaki kwamba Mheshimiwa aliingia zahanati, akataka dereva wake atibiwe kabla ya waliotangulia, muuguzi akamwomba dereva apange foleni, Mheshimiwa akampiga kofi mbele ya wagonjwa. Basi. Rehema akasoma, akasema mbona imekuwa fupi hivi. "Fupi ndiyo wataisoma," ukasema, ukamgongea muhuri.

Njiani kurudi nyumbani nilimtukana Mheshimiwa mpaka nikaridhika, na wewe ukanikata: "Mwache. Bado hajasikizwa." Mpaka unaingia kaburini ulimwita Mheshimiwa. Siku ya mvua ile alipokusimamishia gari ili upande, ulikataa, ukafika nyumbani umelowa hadi soksi, ukasema anayelalamikiwa mezani kwako humpandii gari. Mama alikununia wiki nzima. Mimi pia nilikuona mgumu bure.

Ulipofariki, lalamiko likalala. Rehema akahamishwa zahanati ya mbali, hajaambiwa kwa nini. Kisha mwezi uliopita kamati ikapanga siku ya kumsikiliza Mheshimiwa, na ni wiki ijayo. Sasa sikiliza kilichotokea katikati, maana ndicho kinachonirusha roho.

Waheshimiwa walikuja huku. Ziara ya mafunzo, wanasema, kujifunza usafi wa masoko. Usafi wa masoko waliujifunza asubuhi moja, siku zilizobaki wakanunua. Athumani alikuwa amempa Mheshimiwa wetu namba yangu, kwamba dada yake anawatembeza wateja na anajua Kichina cha dukani. Ni kazi yangu, Baba, sikuona vibaya. Alikuja na wenzake watatu, na nikawajua mmoja mmoja kutokana na zile picha za ukutani kwako: wajumbe wa kamati ya maadili. Waamuzi wake. Kamati ina watu watano. Mmoja aliugua akabaki nyumbani, na mwenyekiti, yule mama mkali uliyekuwa ukimsifu, alikataa safari tangu mwanzo.

Nikawapeleka Zhanqian Road, kwenye yale majengo ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni. Mheshimiwa alikuwa na furaha. Kila muuzaji akimwita "laoban", anageuka. Akaniuliza, "Hilo ndilo Mheshimiwa kwa Kichina, eeh?" Nikamwambia lina maana ya bosi, na hata mimi huniita hivyo, hata msukuma mkokoteni. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuwajibu kwa kupunga mkono.

Kwenye duka la suti akasimama. "Dada yangu, watafutie hawa ndugu suti za heshima. Mimi ndiye nalipa." Akawapima mwenyewe mabega, mmoja mmoja, kama fundi. Alitaka nyeusi, kijivu, na ya bluu. Muuzaji akatikisa kichwa: "Meiyou, meiyou." Hakuna. Wewe hukuwahi kufika huku, acha nikueleze. Pale hawauzi moja moja. Wanauza fungu, na fungu ni mtindo mmoja, rangi moja, saizi tofauti. Fungu lililobaki lilikuwa la suti tano, rangi ya biringani, na kola inayometameta. Wale wajumbe wakatazamana. Mheshimiwa akapiga makofi: "Tano! Si mnaona? Hata Mwenyezi Mungu amehesabu na sisi. Mgonjwa apelekewe yake, na ya tano tumpe mume wa mwenyekiti." Kisha akawaambia, tena kwa sauti, mimi nimesimama hapo hapo nashika makoti, "Hizi ni za siku ile. Mnikumbuke mkizivaa."

Siku ile. Walicheka wote. Wakajaribu makoti mbele ya kioo, watatu kwa mpigo, biringani tupu.

Hakuna aliyefikiri, Baba. Watu wazima, wasomi, hakuna aliyejiuliza itakuwaje wakikaa meza moja kumhukumu mtu wakiwa wamevaa sare aliyowanunulia. Nilikaribia kucheka. Halafu nikamkumbuka Rehema na kalamu nyekundu, kicheko kikakauka. Mheshimiwa akanishika bega akasema, "Na wewe ni wetu sasa. Athumani ni kijana mzuri. Tutamtengenezea ajira ya kudumu." Alisema kwa upole kabisa. Nilikwenda msalani nikanawa bega na shati likiwa mwilini.

Tangu hapo sijitambui. Nilikwenda soko la Shahe kununua fulana za watoto, nikarudi na za wazee. Nikamjibu muuzaji Kiswahili, naye akanijibu Kichina, tukaendelea hivyo hivyo. Kila nikikusudia kuandika lalamiko namwona Athumani na kitambulisho chake. Nikikusudia kunyamaza nakuona wewe na soksi zako. Nimekukasirikia, nakwambia kweli. Ungekuwa mtu wa kawaida, mla zawadi ndogondogo kama wenzako, leo ningekuwa nimelala usingizi wangu.

Nikamweleza Athumani kwamba nataka kuandika, maana nisingemfanyia kwa kumvizia. Alinitumia sauti kwenye simu, nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo: "Dadaangu, nakuomba, wachana na haya maneno. Mimi ni wa mkataba. Huyu akipiga simu moja tu, nishatoka. Wewe uko Uchina, mimi niko hapa naye, nampisha mlangoni kila siku. Niwache nile, dadaangu. Mimi si Baba." Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu ya mdogo wangu inaniumiza kuliko hasira yake.

Siku mbili zikapita. Kisha jana, hapa hapa ghalani, nikaandika. Mwanzoni niliandika kama Rehema. Mwizi, mnafiki, mdhalilishaji, na mengine ambayo nisingethubutu kuyataja mbele yako. Nikajisikia vizuri sana kwa muda. Kisha nikaanza kufuta. Ilikuwa kama kung'oa vishikizo vya nguo yangu mwenyewe. Ikabaki duka, mtaa, suti tano, nani alilipa, nani walijaribu makoti, na maneno aliyosema kuhusu siku ile. La bega langu niliandika kwamba alinishika na kutaja ajira ya ndugu yangu. Nikalielekeza kwa mwenyekiti, yule mama mkali, kwa kuwa yeye hakusafiri, ingawa suti ya mumewe sijui kama imefika.

Lalamiko lisilo na jina hulitupa, uliniambia zamani, kwa sababu mtu hana wa kumuuliza. Nikaweka jina langu, kama lilivyo kwenye pasipoti, maana huku hilo ndilo jina langu kila mahali, benki, polisi, hotelini. Kabla ya kutuma nikampelekea Athumani alisome. Nikamwandikia kwamba akisema hapana, nitazungumza naye tena, lakini sijui kama nitaweza kunyamaza.

Baba, nilingoja. Ndiyo haya marobota niliyoyazunguka tangu asubuhi. Nikajiandaa kwa kilio, nikajiandaa kwa matusi, nikajiandaa hata kwa kuambiwa nisimwite ndugu tena.

Jibu limeingia sasa hivi, wakati mzigo wangu uko kwenye mizani. Nakunakilia lilivyo: "Pasipoti yako imekosea. Umemwandika Baba Ramazani. Yeye alikuwa akiandika Ramadhani, kwa dh, na alikuwa hapendi akikosewa. Rekebisha kwanza ndio utume."

Nimelia mbele ya mama mwenye ghala, na yeye ameniletea maji ya moto, dawa yao ya kila kitu. Nimerekebisha. Nimetuma.

Sijui kitakachofuata. Huenda wakalitupa. Huenda wiki ijayo wakaingia kikaoni wakimeta biringani na mambo yakaisha kwa kicheko. Athumani huenda akarudi nyumbani bila kitambulisho, na Mama atanililia mimi. Usidhani nimekuwa shujaa ghafla.

Lala salama, mzee wangu. Nakuahidi hili: wakiniita nitoe ushahidi nitakwenda, hata kwa nauli ya kukopa, nitasema nilichokiona na nitakomea hapo, na yule bwana nitamwita Mheshimiwa mpaka atakaposikizwa. Na Athumani akifukuzwa, mkate wangu ni wake.

Binti yako,
Mwanaidi Ramadhani