Ukifika Hapa, Usisome kwa Sauti

Kambini, chumba cha mitambo

Dada yangu,

Shikamoo. Msomee na Mama, lakini kwanza mwekee mto mgongoni, maana barua ya fundi mkuu wa sauti haisikilizwi kwa kuinama. Mimi mzima, nimenenepa hadi mkanda umegoma. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na yule paka mwizi, bado mnasema kanifuata mimi tabia? Habari za kitinda mimba wetu nitazifikia.

Mmesikia vita vimesimama. Basi aliyevisimamisha ndiye huyu mnayemsoma. Najua umeguna, Dada. Guna tu.

Yule kiumbe mwimbaji aliyeanguka na chombo chake kutoka huko juu angani, nimekaa naye miezi saba, kioo tu katikati yetu. Askari walimwita Bi Harusi kwa sababu ya shuka jeupe alilofunikwa. Mdomo hana. Sauti inatoka chini ya ngozi ya shingo, na kabla hujaisikia, maji kwenye glasi yanaanza kutetemeka. Haimbi ila anachosikia, kwa hiyo wakubwa walimvalisha hedifoni wakamlisha milio ya mizinga, nami nikapandisha spika za uwanjani. Wakimsikia, vijana walikwenda mbele wakitabasamu, wote tabasamu moja, kama limegawiwa stoo. Mmoja alikwenda na kiatu kimoja. Nilimtania, hakugeuka.

Nikaona sasa imetosha. Kwa akili zangu timamu nikavuta waya kutoka wodini, nikauchomeka kwenye hedifoni ya Bi Harusi, akasikia majeruhi mmoja akiomba maji. Asubuhi nilipofungua spika, mizinga haikutoka. Kilitoka kikohozi, halafu sauti ikiita: Mama, maji. Kila mtu akadhani anayeitwa ni mama yake. Kamanda akaniamuru nizime, nikamwambia swichi imeungua. Akaja mwenyewe na koleo, akakata nyaya zote. Sauti ikaendelea kwenye sufuria za jikoni, kwenye vioo, kwenye kofia za chuma. Pande zote mbili watu waliweka bunduki chini, wakaanza kutambaa na chupa za maji kuwapelekea majeruhi wa risasi zao wenyewe. Kamanda naye alijaza kikombe akaondoka nacho. Hajarudi.

Ukifika hapa, Dada, usisome kwa sauti. Mwambie Mama mwandiko wangu umeharibika, ataamini.

Yule majeruhi alikuwa kitinda mimba wetu. Ile barua mliyoipata ya kwamba anakunywa uji niliitunga mimi. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, ndiyo maana nikavuta waya kutoka kitandani kwake hadi mezani kwangu, akihitaji kitu nikimbie. Mimi bingwa nikakosea tundu. Kwangu kulikuwa kimya siku nzima. Nikajipongeza kwamba mtoto amelala vizuri, nikapiga soga na wapishi. Kumbe aliita mpaka jioni, na aliyemsikia ni Bi Harusi peke yake. Nilipofika alikuwa amepoa. Sikusimamisha vita mimi. Nilimnyima mdogo wangu maji.

Sasa wanamzungusha Bi Harusi mitaani kutuliza watu, na Ijumaa ni zamu ya mtaa wenu. Nimemsihi kupitia kioo aimbe kingine. Maji tu ndiyo yaliyonijibu. Mama ataijua sauti ile kabla ya pumzi ya pili. Nilitaka nikutume wewe umwambie, nimeufuta mstari huo. Nitakuja na gari lake Alhamisi, siku moja kabla hajaimba, niseme kwa mdomo wangu. Wewe kaa karibu naye, umshike.

Endelea kwa sauti.

Mama, Alhamisi mchana nipo mlangoni. Usinipikie chochote. Niwekee glasi ya maji mezani, na ukiona yanatetemeka, jua gari letu limekunja kona.

Nisalimie jirani mbea, mwambie nina habari za kumtosha mwaka. Nawabusu mikono nyote wawili.

Mwanao msumbufu,
Fundi Kelele